Filamu ni yako, kufuli si lako: kunakili DVD na Blu-ray ulizonunua

Umenunua DVD kwa hela yako, ipo kwenye kasha lake, na unataka nakala moja ya kuweka kwenye kompyuta ili ile ya asili ikae kabatini isichubuke. Ukiuliza kama ni halali utapata majibu mawili yanayopingana, na kila mjibuji atakuwa na kifungu chake cha sheria mkononi. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu ndani ya swali lako kuna maswali mawili. La kwanza ni la hakimiliki: je, mnunuzi anaruhusiwa kunakili kazi kwa matumizi yake binafsi? La pili ni la kufuli la kidijitali: je, anaruhusiwa kulifungua ili aifikie kazi hiyo? Nchi nyingi hujibu la kwanza kwa ndiyo yenye masharti, halafu la pili kwa hapana. Kesi kubwa zilizovuma tangu mwaka 2000 zimeamuliwa zaidi kwenye hilo la pili, na ndiyo maana anayesoma sheria ya nakala binafsi peke yake huishia kujiamini kupita kiasi.

Kufuli lenyewe

Filamu za DVD zilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, zikiwa na mfumo wa kufuli uitwao CSS. Ufunguo wake una biti 40 tu, urefu mdogo hata kwa kompyuta za wakati ule. Data ya diski imekatwa vipande vya baiti 2,048, yaani sekta, na baadhi ya sekta za picha na sauti zimesimbwa, yaani zimegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Ufunguo wa filamu umefichwa kwa ufunguo wa diski, na ufunguo wa diski nao umefichwa kwa funguo walizopewa watengenezaji wa deki. Fungu hilo la funguo limeandikwa kwenye ukanda wa ndani kabisa wa diski, karibu na tundu la katikati, mahali ambapo programu ya kawaida ya kunakili mafaili haifiki. DVD tupu za kuchoma zinazouzwa kwa watu wote hutoka kiwandani zikiwa haziwezi kuandikwa funguo hizo kwenye ukanda huo.

Utaliona jambo hili kwa macho yako ukijaribu kuhamisha folda ya VIDEO_TS, yenye mafaili ya filamu, kutoka kwenye diski kwenda kwenye kompyuta. Mara nyingi kazi inakatika katikati kwa kosa la kusoma. Kwenye Linux, kumbukumbu za mfumo hueleza wazi kwamba sekta iliyosimbwa imesomwa kabla draivu haijathibitishiwa. Mara nyingine mafaili yanahama yote, ukubwa uleule, bila onyo lolote, na ukiyafungua unaona miraba ya kijani na waridi inarukaruka huku sauti ikikwaruza. Kila baiti ya filamu imenakiliwa, ila ufunguo umebaki kwenye diski. Watu wengi hapo hudhani diski yao imeharibika na kuanza kuisugua bure.

Blu-ray ilikuja na kufuli zito zaidi, AACS, linalotumia usimbaji wa AES wa biti 128. Tofauti kubwa na CSS ni kwamba funguo za AACS zinaweza kufutwa: programu ya kuchezea ikivujisha ufunguo wake, diski zinazotengenezwa baadaye huikataa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2007 baada ya funguo kuvuja. Wenye programu halali wakalazimika kusasisha, la sivyo filamu mpya hazikuchezeka. Juu yake baadhi ya filamu zina alama fiche kwenye sauti, mfumo uitwao Cinavia. Huo hauzuii kunakili kabisa. Nakala inatoka safi, unaanza kuangalia, na baada ya dakika kadhaa deki inazima sauti na kuandika ujumbe kwenye skrini. Alama hiyo imo ndani ya sauti yenyewe, kwa hiyo haiondoki hata ukibadili aina ya faili.

Msimbo wa eneo, unaozuia diski ya eneo moja kuchezwa kwenye deki ya eneo jingine, ni kitu kingine kabisa, japo watu huuchanganya na hayo. DVD zina maeneo 6 ya mauzo duniani, Blu-ray zina 3: A, B na C. Draivu ya kompyuta inakuruhusu kubadili eneo la DVD mara 5, na ukifika ya tano inabaki hapo moja kwa moja. Kabla ya kubofya kitufe cha kubadili, soma namba ya mara zilizobaki. Mifumo mingi huionyesha palepale.

Yaliyotokea mahakamani

Mwaka 1999 programu iitwayo DeCSS ilisambaa kwenye intaneti na kufungua DVD yoyote. Kijana wa Norwei aliyehusika nayo, Jon Lech Johansen, alishtakiwa nchini kwake. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na mahakama ya rufaa ikamwachia tena Desemba mwaka huohuo. Hoja iliyobeba kesi ni rahisi: diski alizonunua kihalali alikuwa na haki ya kuzitazama, hata kwa njia ambayo mtengenezaji hakuipanga.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998, DMCA, kifungu cha 1201, inakataza kuvunja kufuli la kuingilia kazi, na inakataza kando kabisa kutengeneza au kusambaza zana ya kulivunjia. Mwaka 2000 jaji wa New York aliwazuia wachapishaji wa jarida la 2600 kuweka DeCSS kwenye tovuti yao, na rufaa ya 2001 ikathibitisha. Mwaka 2004 kampuni ya 321 Studios, iliyouza programu ya kunakili DVD, ilijitetea kwamba wateja wake wananakili filamu zao wenyewe. Mahakama ikasema matumizi ya mteja hayaihalalishi zana. Kampuni ilifunga milango mwaka uleule.

Kesi inayostahili kusomwa kwa utulivu zaidi ni ya RealNetworks, 2009. Programu yao, RealDVD, ilihifadhi nakala ya DVD kwenye kompyuta bila kuondoa CSS, ikaongeza usimbaji wake wenyewe juu, na ikaifunga nakala hiyo kwenye idadi ndogo ya kompyuta za mteja. Huwezi kubuni programu ya adabu kuliko hiyo. Jaji Marilyn Hall Patel alikiri kwamba huenda mtu kujiwekea nakala ya akiba ya DVD yake ni matumizi ya haki, yaani yasiyohitaji idhini ya mwenye hakimiliki. Hata hivyo, akasema, sheria inaharamisha kutengeneza na kuuza chombo kinachomwezesha kufanya hivyo. RealNetworks ikakubali kushindwa mwaka 2010 na kulipa dola milioni 4.5 za gharama za kesi. Ukiitafakari hukumu hiyo utaona shimo lake: mtu anaweza kuwa na haki ya kutenda jambo, lakini hakuna anayeruhusiwa kumuuzia kifaa cha kulitendea. Naamini hilo ni kosa la sheria. Jaji yule hakuwa na namna.

Kaleidescape, waliotengeneza mashine za bei kubwa za kuhifadhi mkusanyiko mzima wa DVD za nyumbani, walishtakiwa 2004 kwa kuvunja mkataba wa leseni ya CSS. Hakimiliki haikuwa hoja. Walishinda 2007, uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa 2009, na kesi ikaisha kwa mapatano 2014. Miaka kumi, juu ya mashine ambayo wateja wake walikuwa watu wanaonunua filamu kwa wingi kuliko wengi wetu!

Kila miaka 3 Marekani huorodhesha misamaha ya kifungu cha 1201. Walimu, watengenezaji wa filamu za hali halisi na wahakiki wameruhusiwa kukata vipande vifupi. Tangu 2021 maktaba na makumbusho zina nafasi ya kuokoa filamu zilizo kwenye diski zisizopatikana tena sokoni. Msamaha wa mtu wa kawaida kuhamisha filamu yake kutoka kwenye diski kwenda kwenye kifaa kingine umeombwa zaidi ya mara moja, ukakataliwa, kwa maelezo kwamba filamu zinapatikana kwa njia nyingine. Jibu hilo linamwambia mnunuzi alipe mara ya pili.

Nchi nyingine, na mahali sheria ilipokaa vizuri

Ulaya ina utaratibu wake. Maelekezo ya 2001 ya Umoja wa Ulaya yanaziachia nchi wanachama kuruhusu nakala binafsi, mradi wenye haki wafidiwe. Fidia hiyo hutoka kwenye tozo inayowekwa juu ya diski tupu, vifaa vya kuhifadhia na mashine za kunakilia. Ujerumani ilianza na tozo ya namna hiyo mwaka 1965. Mahakama ya Ulaya ilisema 2014 kwamba nakala iliyotoka kwenye chanzo haramu haihesabiki kuwa nakala binafsi. Lakini maelekezo yaleyale yanalinda kufuli, kwa hiyo mnunuzi analipa tozo kwenye diski tupu kwa ajili ya kunakili filamu ambayo kufuli linamkatalia kuinakili. Nchini Ujerumani anayevunja kufuli kwa matumizi yake binafsi tu hafungwi jela kwa hilo, ila kitendo kinabaki kimekatazwa.

Ufaransa walilijaribu swali hili moja kwa moja. Mnunuzi wa DVD ya Mulholland Drive alitaka kuihamishia kwenye kanda ya video ili aitazame na mama yake, kufuli likamzuia. Chama cha wateja cha UFC-Que Choisir kikaingia naye mahakamani. Rufaa ya 2005 iliwapa ushindi, kisha tarehe 28 Februari 2006 mahakama ya juu ikatengua, na mwaka 2008 ikafunga mjadala: nakala binafsi ni kinga unayoweza kujitetea nayo ukishtakiwa, haikupi haki ya kumlazimisha muuzaji aondoe kufuli. Tofauti hiyo ya kinga na haki ishike vizuri, maana utaikuta karibu kila nchi.

Uingereza iliruhusu nakala binafsi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014. Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta kanuni hiyo, kwa kuwa serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kudai kwamba wenye haki hawapati hasara inayostahili fidia. Hata katika miezi ile michache, kuvunja kufuli hakukuruhusiwa. Kanada tangu 2012 inaruhusu kunakili kazi uliyoipata kihalali kwenda kwenye kifaa chako, kwa masharti: usivunje kufuli, usimpe mtu nakala, na ukiuza au kugawa ile ya asili uziharibu nakala zote kwanza. Australia inakuruhusu kuhamisha filamu kutoka kanda ya video ya zamani kwenda kwenye faili, DVD haimo. Japani iliziba mlango wa kunakili DVD zenye CSS mwaka 2012, hata kwa matumizi ya nyumbani.

Wenye busara zaidi, kwa maoni yangu, ni Uswisi na India. Sheria ya Uswisi inasema katazo la kuvunja kufuli haliwezi kutumiwa dhidi ya mtu aliyelivunja kwa ajili ya matumizi ambayo sheria yenyewe inayaruhusu. India, kwa marekebisho ya 2012, inamwadhibu anayevunja kufuli akiwa na nia ya kukiuka haki zilizolindwa na sheria. Maana yake swali la pili linafuata jibu la la kwanza: kama nakala ni halali, kuifikia nako ni halali. Wenye studio husema mlango ukifunguliwa hivyo filamu zitavuja. Lakini filamu zinavuja kwa mtu mmoja kupakia faili moja, na huyo tayari anakiuka hakimiliki hata bila kufuli kuwepo.

Kwa hiyo unaposoma sheria ya nchi yako, tafuta mahali pawili. Tafuta kifungu cha matumizi binafsi, uone kama kinataja filamu au kinaishia kwenye muziki na vitabu, kama kinataka nakala iwe moja, na kama kinataka uwe na ile ya asili. Kisha tafuta kifungu cha hatua za kiteknolojia za ulinzi, usome neno kwa neno kama kinataja nia ya kukiuka. Neno hilo likiwepo, una pa kusimama. Lisipokuwepo, chukulia kwamba kufuli limelindwa peke yake.

Na hatari ni ya kiasi gani? Hao niliowataja walioburutwa mahakamani walikuwa watengenezaji na wasambazaji wa zana. Mtu aliyenakili filamu yake akaiacha nyumbani si aina ya mshtakiwa unayemwona kwenye kesi hizi. Hiyo haimpi ruhusa. Marekani, fidia ya kuvunja kufuli ni kati ya dola 200 na 2,500 kwa kila kitendo, na ya kukiuka hakimiliki ni dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, ikipanda hadi 150,000 ukionekana umefanya makusudi. Anayezidisha kwa filamu 100 ataelewa kwa nini hakuna wa kucheza na jambo hili.

Kunakili diski isiyo na kufuli, au pale sheria inapokuruhusu

Diski zisizo na kufuli ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: za harusi na mahafali, za watengenezaji wadogo, za mafunzo, za filamu za hali halisi zilizouzwa na waandaaji wenyewe. Kujua, nakili faili moja, kwa mfano VTS_01_1.VOB, kisha lifungue kwa programu ya kuchezea filamu iliyokuja na mfumo wako. Usijaribu kwa programu ya VLC. Mara nyingi VLC hubeba maktaba yake ya kufungulia CSS, kwa hiyo inaweza kukuonyesha picha safi ukadhani hakuna kufuli. Kumbuka pia kwamba diski isiyo na kufuli bado ina hakimiliki. Umevuka swali la pili tu.

Kwanza safisha diski. Kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Data imeandikwa kwa mzunguko, na mfumo wa kusahihisha makosa humudu mchubuko unaokata njia kuliko unaofuata njia, hivyo ukisugua kwa kuzungusha unatengeneza mchubuko mbaya zaidi. Jua pia data iko wapi. Kwenye CD iko chini tu ya upande wa maandishi, ndiyo maana mkwaruzo wa juu huiua. Kwenye DVD imekaa katikati ya tabaka mbili za plastiki za milimita 0.6 kila moja. Kwenye Blu-ray ina ngozi ya milimita 0.1 tu upande wa kusomea. Ngozi hiyo ni ngumu, lakini ikipenya imepenya.

Chukua diski nzima kama ilivyo ndani ya faili moja, yaani ISO, badala ya faili moja moja. Kwenye Linux, ddrescue ndiyo programu ya kutegemea, kwa mipito miwili:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 filamu.iso filamu.map

ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 filamu.iso filamu.map

Mpito wa kwanza unachukua yote yanayosomeka kwa urahisi na kuruka palipo pagumu. Wa pili unarudi penye makosa na kujaribu mara 3. Faili la .map ndilo kumbukumbu ya kilichosomwa na kisichosomwa. Usilifute, kwa sababu kama sekta zimebaki unaweza kuhamisha diski kwenye draivu nyingine, ukarudia amri ya pili na faili lilelile, na draivu ya pili mara nyingi husoma kilichoishinda ya kwanza. DVD ya tabaka moja ina GB 4.7 (kompyuta inayohesabu kwa 1,024 itaonyesha 4.38), ya tabaka mbili GB 8.5. Draivu ya 8x hufikia kasi hiyo ukingoni tu mwa diski, kwa hiyo hesabu dakika 15 hadi 25 kwa diski iliyojaa. Ikizidi saa nzima na namba ya makosa inapanda, kuna tatizo.

Tatizo hilo si lazima liwe mchubuko. Baadhi ya DVD zimewekewa sekta mbovu kwa makusudi, mahali ambapo deki haipiti lakini programu ya kunakili inapita. Ukiona diski inayong'aa kama mpya ina makosa mamia yaliyojipanga mahali pamoja, au orodha inakuonyesha mataitoli 99 na jumla ya ukubwa inazidi uwezo wa diski yenyewe, ujue umekutana na ulinzi. Hapo unarudi kwenye lile swali la pili la sheria, hata kama CSS haimo.

Kosa jingine la kila siku: ISO ya GB 7 inakataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi ya GB 60. Flashi imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Ifomati upya kwa exFAT, baada ya kutoa vilivyomo.

Ukishapata ISO nzima, tengeneza alama yake ya uhakiki:

sha256sum filamu.iso > filamu.iso.sha256

Kisha ndipo ufikirie faili la kutazama. HandBrake, programu ya kubadili aina ya video, inafungua ISO isiyo na kufuli moja kwa moja. Chagua MKV, chagua x264, na ubora wa RF 20. Kwa DVD, 18 hadi 22 ndiyo masafa yanayofaa, na namba ikishuka ubora na ukubwa vinapanda. Kwa Blu-ray ya 1080 unaweza kwenda 20 hadi 24. Chaguo la MKV lina sababu: maandishi ya tafsiri kwenye DVD ni picha ndogondogo zilizobandikwa juu ya filamu, na MKV huzibeba bila shida, ilhali ndani ya MP4 deki nyingi haziyaoni.

Mambo mawili huharibu nakala za DVD kimyakimya. Mojawapo ni umbo. DVD ya mfumo wa televisheni wa PAL ina picha ya nukta 720 kwa 576 hata filamu ikiwa pana. Deki huivuta hadi 1024 kwa 576 wakati wa kuonyesha. Ukilazimisha ukubwa kwa mkono, watu wote wanatoka warefu na wembamba. Acha HandBrake ishike uwiano yenyewe. Jingine ni mistari inayoonekana kama meno ya kitana mtu anapotembea haraka: hiyo ni picha iliyorekodiwa kwa nusu-fremu, na inatibiwa kwa kuwasha kichujio cha Decomb. Usiwashe vichujio vingine vyote kwa pamoja "kuboresha". Utalainisha nyuso hadi zifanane na nta. Tena, usishtuke filamu ya dakika 120 ikitoka dakika 115 na ushei. DVD za PAL huchezesha fremu 25 kwa sekunde filamu iliyopigwa kwa 24. Imekimbizwa kwa asilimia 4, hakuna tukio lililokatwa.

Faili la kutazama la DVD litakuwa GB 1 hadi 2. Diski 100 zenye wastani wa GB 6 zinataka GB 600 za ISO, kwa hiyo diski ngumu ya TB 1 inatosha, na ya pili ya ukubwa uleule kama nakala ya nakala. Usitegemee DVD za kuchoma kwa kuhifadhi muda mrefu. Rangi inayochomwa hufifia, hasa ikikaa kwenye joto na mwanga.

Mipaka ya nakala yako

Weka risiti. Piga picha kasha na diski upande wa maandishi, uihifadhi kwenye folda moja na ISO. Sheria nyingi zinazoruhusu nakala huijenga juu ya diski uliyoipata kihalali, na ubishi ukitokea mzigo wa kuonyesha hivyo huenda ukawa wako. Ukiuza diski, futa ISO na faili la kutazama siku ileile. Kubaki na nakala huku mwingine ana ya asili kunaondoa msingi wako wote. Kutazama kupitia kompyuta ya nyumbani kwenye televisheni ya sebuleni ni jambo moja. Kuifungua kompyuta hiyo kwa intaneti na kuwagawia marafiki nywila ni kusambaza, na usitegemee kifungu cha matumizi binafsi kikukinge.

Filamu ulizo"nunua" kwenye maduka ya mtandaoni zina hali tofauti. Pale umelipia leseni ya kutazama, na mwenye duka hubaki na ufunguo. Huduma ya UltraViolet, iliyowatunzia wateja mtandaoni filamu walizolipia, ilifungwa tarehe 31 Julai 2019. Mwaka 2022 wateja wa duka la PlayStation nchini Ujerumani na Austria waliarifiwa kwamba filamu za Studiocanal walizolipia zingeondolewa kwenye maktaba zao. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria ya jimbo la California inawataka wauzaji wanaotumia neno "nunua" wamweleze mteja wazi kwamba anapata leseni. Ni hatua nzuri, ila haikurudishii filamu. Kurekodi skrini mara nyingi hutoa video nyeusi, kwa sababu njia nzima hadi kwenye skrini imesimbwa, na hata ikifaulu unakuwa umevunja mkataba wa duka pamoja na kufuli. Baadhi ya maduka huruhusu kupakua faili la kutazama nje ya mtandao. Soma linaisha lini, maana mengi huliwekea kikomo cha muda. Kama filamu ni ya kuwa nayo miaka 20, nunua diski.

Mara moja kwa mwaka washa zile diski ngumu mbili na uendeshe:

sha256sum -c filamu.iso.sha256

Ikijibu kwamba alama zinalingana, zima urudishe. Zisipolingana kwenye moja, nakili kutoka kwenye nyingine. Zisipolingana kwenye zote mbili, ile ya asili bado ipo kabatini haijachubuka: itoe, isomwe upya.